Krauni ya Marehemu Hemed: Aliyegonga Ndani ya Buti

Ngo! Ngo! Ngo!

Ndivyo buti la gari lilivyogongwa kwa ndani, msomaji, na hapo ndipo tulipoachana Jumamosi iliyopita. Bi Khamisa amenyoosha mkono wenye ufunguo wa Krauni, gari la marehemu mumewe, sista Jerotich wa zahanati ya Mau Narok amenyoosha wake kuupokea, na umati mzima umenyamaza kama uliomwagiwa maji ya baridi.

Kwa aliyeingia leo, habari ni fupi. Mzee Hemed, muuza nguo wa Nakuru, alipokuwa akikata roho alimshika mkewe mkono akamwambia: "Khamisa, nina nadhiri. Nikifa, gari liende Mau Narok likabebe wagonjwa. Muulize sista Jerotich." Kisha akafumba macho. Na nadhiri ya maiti isipotimizwa, maiti hapati usingizi. Kwa hiyo eda ilipoisha tu, Bi Khamisa aliweka mto juu ya kiti ili aone mbele, akalipandisha mlima mwenyewe lile gari refu kama jeneza la mfalme.

Na sasa buti linagonga.

"Jini!" akapiga kelele mama mmoja, akaliacha gunia lake la viazi hapo hapo na kukimbia.

"Watu wa Nakuru wametuletea gari na mwenyewe yuko ndani!" akasema mwingine, akiwa mbali salama.

Mzee Kiprugut, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, hakukimbia. Aliegemea fimbo yake, akainamisha sikio.

"Mama, huku nyuma umebeba nini? Mbuzi?"

"Sikubeba kitu, mzee wangu!"

"Kwa sababu kama ni mbuzi, tunashukuru pia."

Ngo! Ngo! Bi Khamisa alisogea nyuma ya gari. Marehemu alipenda mizaha, lakini si ya namna hii. Akasoma bismillah, akaingiza ufunguo, akazungusha. Kifuniko kikaruka juu.

Ndani, amejikunja ubavuni mwa tairi la spea, kanzu nyeupe imegeuka kijivu kwa vumbi na oili, kiatu mguu mmoja, pilasi mkononi, alikuwa mwanawe wa kumzaa.

"Zayed!"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba ya nini! Umeingiaje humo?"

"Niliingia kuangalia spea."

"Na hiyo pilasi?"

Zayed akaitazama pilasi kama aliyewekewa mkononi na maadui. "Ya... kukaza spea."

Ukweli, msomaji, ulikuwa hivi. Waya wa pampu ya petroli ya Krauni hiyo ulipita nyuma ya buti. Zayed alijipenyeza humo asubuhi aukate, gari lisitoke hata getini. Kabla hajaugusa akasikia ndara za mama yake. Akajivutia kifuniko kama mtoto anavyojivutia blanketi. Bi Khamisa akaja, akakiona hakijakaa vizuri, akakisukuma kwa nyonga, akafunga kwa ufunguo, akaondoka. Kutoka Nakuru hadi Njoro, kutoka Njoro hadi juu Mau Narok, mashimo yote ya barabara, jamaa yuko ndani amekumbatiana na tairi.

"Mama, hukusikia nikigonga njia yote?"

"Nilisikia. Nikadhani ni shokabu za gari."

Watu walicheka hadi waliokimbia wakarudi. Zayed peke yake hakucheka. Alishuka, akakung'uta kanzu isiyokung'utika, akawageukia.

"Ndugu zangu wa Mau Narok, nyinyi hamna makosa," alisema. "Lakini mama yangu amewapa kitu si chake."

Kicheko kikakatika.

"Zayed, nyamaza," Bi Khamisa alisema kwa sauti ya chini.

"Sinyamazi. Mama, baba ameacha nini kingine? Nyumba ni ya kupanga. Duka lilifungwa akiwa bado mgonjwa. Mali yake yote ni hii Krauni. Na dini yetu imesema, mtu hausii zaidi ya thuluthi ya mali yake mpaka warithi wote waridhie, mmoja mmoja. Jannat dadangu umemuuliza, ameridhia, sawa. Mimi uliniuliza lini?"

Bi Khamisa akautazama ufunguo. Ni kweli hakumuuliza. Na hakumuuliza kwa sababu alijua jibu. Alidhani akishalitoa gari mbele ya watu, mwanawe ataona haya. Lo! Alimsahau mwanawe! Na sadaka ya mali ya watu haifiki juu, hugonga dari ikarudi.

"Kijana," Mzee Kiprugut aliingilia, "hiyo sheria yenu ni nzuri sana. Sisi hatukatai. Lakini hebu angalia hapa mbele."

Mbele, juu ya boneti, kina mama wa zahanati walikuwa wamefunga sinendet, ule mmea mbichi wa kutambaa wanaomvika mtu wa heshima.

"Hii tunavalisha mkimbiaji akirudi na medali," mzee alisema. "Ushaona mtu akivuliwa?"

"Mzee, nitawarudishia majani yenu."

"Ikirudi tutavalisha nani? Wewe uliyetoka kwa buti?"

Kicheko kikalipuka tena, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo. Zayed uso ulimwiva. Akaupokonya ufunguo mkononi mwa mama yake, akaingia kwenye kiti cha dereva, akautupa ule mto nyuma.

"Mama, panda twende Nakuru. Kesho watu wananingoja Milimani."

Kumbe hapo ndipo penye kidonda! Huko Milimani kuna vijana wenye magari ya zamani, kina Bravin na Weldon, wanaokutana Jumapili kuyapanga barabarani na kuyapiga picha. Zayed alikwishawaambia Krauni ni yake. Kesho yake ndipo ilipopangwa iongoze msafara.

"Kwa hiyo baba yako akae kaburini na nadhiri yake," Bi Khamisa alisema dirishani, "wewe ukaoneshe watu taa Milimani?"

"Panda, mama."

"Sipandi."

"Mama, nitakuacha."

"Niache. Nitakaa hapa hapa nimenye viazi."

Zayed akawasha injini. Krauni ikanguruma kwa ile sauti yake nzito ya kizee. Sista Jerotich, mwanamke mrefu mwenye sweta juu ya sare, aliyekuwa amesimama muda wote bila neno, akamshika Bi Khamisa bega.

"Dada, mwache," alisema polepole. "Gari la kugombana halibebi mgonjwa. Kongoi, asante kwa nia yako."

Na Bi Khamisa, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alihisi kulia. Majuma yote hayo walizungumza kwa simu, sista huyu na yeye, akimwita dada, akimuuliza amekula, amelala. Alitaka kumpa kitu mwanamke huyu hata kuliko alivyotaka kuitimiza nadhiri. Sasa atarudi Nakuru mikono mitupu, aseme nini kaburini?

Krauni ilianza kurudi nyuma. Ikageuka. Ikaelekea getini.

"Sista! Sista!"

Alikuwa Cate, msaidizi wa zahanati, anatoka mbio wodi ya wazazi na glavu mkononi.

"Sista, Cheptoo! Chupa imepasuka! Na mtoto ametanguliza matako!"

Jerotich aligeuka kama aliyechomwa. "Pigia ambulensi!"

"Nimepiga. Imepeleka mtu Molo."

Kisha, kama waliopangwa, watu wote pale uani wakageuza shingo kuitazama Krauni.

Zayed aliwaona kwenye kioo. Akatoa kichwa nje.

"Hapana. Msiniangalie hivyo."

Mzee Kiprugut alikuwa ameshafika. Kwa umri wake haikujulikana alifikaje. Akafungua mlango wa nyuma.

"Mzee, hivyo viti ni vya velveti!"

"Tutaviombea."

Cheptoo, yule msichana wa uchungu, akaletwa amebebwa juujuu, shuka la zahanati mwilini, meno ameyauma. Akalazwa kiti cha nyuma. Jerotich akaingia upande wa kichwani, na mikono yake ilitetemeka hata mlango ukamshinda kufunga. Bi Khamisa aliona. Akajiuliza: mtu aliyepokea watoto miaka yote hiyo, leo anatetemeka nini?

Lakini haukuwa wakati wa maswali. Akafungua mlango wa mbele, akaketi ubavuni mwa mwanawe.

"Endesha, Zayed. Ama ushuke niendeshe mimi. Na mto wangu nautaka."

Zayed akaendesha, kushuka kuelekea hospitali ya Njoro.

Msomaji, wewe umewahi kuona Krauni ya kizee ikikimbia? Ilishuka mlima sinendet ikipepea boneti kama ndevu za nabii. Honi haikupumzika. Ng'ombe walihama barabara bila kuambiwa mara ya pili. Punda mmoja aliacha mkokoteni wake akaenda zake.

"Polepole kwa matuta!" Jerotich alipiga kelele.

"Nikienda polepole unasema haraka, nikienda haraka unasema polepole!"

"Endesha haraka, ruka polepole!"

Walipokata kona, mbele yao ukuta. Kombaini ya kuvuna ngano, pana kuliko barabara yenyewe, inajikokota kuelekea shamba jingine na dereva wake anasikiliza redio.

Zayed akapiga honi. Kombaini haina habari. Nyuma msichana akatoa sauti ambayo hakuna aliyeisikia akaisahau.

"Zayed, fanya kitu!"

"Nifanye nini, niruke juu?"

"Shamba!"

Zayed akakata usukani. Krauni ikaruka mtaro, ikaingia ndani ya ngano, ikaogelea humo mashuke yakipiga vioo, ikaipita kombaini kwa pembeni, ikapanda tena barabarani. Dereva wa kombaini alisimama akavua kofia. Pengine alidhani ni mheshimiwa.

"Subhanallah," Zayed alijisemea. Kisha akacheka. Kisha akakaza macho barabarani.

"Mama," alisema bila kumtazama, "unajua kwa nini sitaki itoke?"

"Milimani."

"Milimani ni maneno tu. Mama, nyumba yetu imeshapoteza harufu ya baba. Nguo umezigawa. Godoro limetoka. Hapa ndani tu ndipo alipobaki. Nikifunga vioo, yuko. Udi wake, tangawizi yake, yuko."

Bi Khamisa akatazama nje, ngano ikikimbia kurudi nyuma.

"Na kule kwenye buti, je?"

"Kule ni petroli tupu."

Wote wawili wakacheka kidogo, cheko la kufiwa.

"Mwanangu," alisema, "itaisha hata ukiifungia. Mimi nimelala na shuka lake eda nzima. Sikulifua. Siku moja nikaamka, nikalinusa. Linanuka mimi."

Kwenye kioo Zayed alimwona yule msichana ameng'ata kiti cha velveti, mkono mmoja umeshika kishikio cha mlango kama unavyoshika ukingo wa shimo. Akafuta macho kwa kola ya kanzu.

"Mpigie Sheikh," alisema. "Sasa hivi. Kabla moyo haujanigeuka."

Bi Khamisa hakusubiri aambiwe mara mbili. Akampigia Sheikh Nasir, yule aliyemsalia Hemed, akaweka simu juu ya dashibodi, sauti nje.

"Asalaam aleikum, Khamisa. Mbona kelele? Mko harusini?"

"Sheikh, ni mimi, Zayed. Nashuhudia mbele yako: mimi mrithi wa Hemed naridhia. Gari liende Mau Narok."

"Allahu akbar! Mungu akulipe, kijana wangu. Nilikuwa nakuogopa wewe tu."

Bi Khamisa alifumba macho. Hemed, umesikia? Imetimia. Lala.

"Jannat aliniambia mwenyewe juzi," Sheikh aliendelea. "Wewe Khamisa umeridhia. Basi tumemaliza. Amebaki yule mmoja tu."

Bi Khamisa akafumbua macho.

"Mmoja yupi, Sheikh?"

"Yule wa huko."

"Wa huko wapi?"

"Wa Mau Narok."

Zayed akaitazama simu.

"Sheikh," Bi Khamisa alisema taratibu, kama anayezungumza na mtu mwenye homa, "warithi wa Hemed ni watatu. Mimi, Zayed, Jannat."

Simu ikakohoa. Kikohozi cha mtu anayetafuta mlango.

"Khamisa... Hemed aliniapia kuwa atakwambia. Kila nikimuuliza, ananiambia, Sheikh, nitamwambia. Ndoa nilifungisha mimi. Wallahi nilidhani unajua."

Krauni ikayumba. Zayed aliushika usukani kwa mikono miwili, midomo wazi.

Nadhiri! Kwa nini Mau Narok? Mji wote wa Nakuru una wagonjwa, kwa nini Mau Narok? Bi Khamisa hakuwahi kuuliza. Mtu akikata roho mbele yako huulizi kwa nini.

"Sheikh," ilisema sauti kutoka nyuma, sauti nyembamba iliyokatwakatwa na pumzi. "Sheikh, niko hapa."

Bi Khamisa akageuka. Msichana alikuwa amenyanyua kichwa. Jasho limemganda usoni, na chini ya jasho, jamani, lile paji la uso la Hemed!

"Nyumbani naitwa Cheptoo," alisema. "Baba alikuwa ananiita Shukri."

"Alhamdulillah," Sheikh alisema, maskini, asijue yuko katikati ya nini. "Basi binti yangu, mama yako si Mwislamu, harithi, lakini wewe ni mrithi. Ndugu zako wameridhia gari liwe sadaka. Unaridhia?"

"Siridhii."

"Nini?" Zayed alipiga kelele.

"Siridhii!" Msichana alilia, na haikujulikana ni uchungu wa mtoto au mwingine. "Nyinyi mlikuwa na baba. Alilala kwenu, alikula kwenu, mkamzika. Mimi mazishi nilisikia kwa watu! Mimi nilikuwa na siku za soko tu, alipopanda kuuza nguo. Nilijua mlio wa hii gari kabla sijajua kusoma. Ikipanda kilima najua ni yeye, ikishuka najua ameenda. Hii ndiyo baba yangu. Sasa mnanipigia simu niitoe? Nikishaitoa nibaki na nini?"

Maneno yale yalikuwa ya Zayed mwenyewe. Alikuwa ametoka kuyasema, kilima kimoja nyuma.

"Nani mama yako?" Bi Khamisa aliuliza.

Uchungu ulikuwa umemchukua msichana tena.

"Nauliza, nani mama yako?"

Na hapo, msomaji, Bi Khamisa aliuona ule mkono. Mkono uliokuwa ukimpapasa msichana nywele, taratibu, kutoka kwenye paji kwenda nyuma, kutoka kwenye paji kwenda nyuma. Muuguzi hampapasi mgonjwa hivyo. Hivyo hupapasa mmoja tu duniani.

Akainua macho kutoka kwenye mkono hadi kwenye sweta, kutoka kwenye sweta hadi usoni. Sista Jerotich alikuwa ameinamisha kichwa.

"Dada..."

"Usiniite dada!"

"Bi Khamisa..."

"Majuma yote haya! Umekula, dada? Umelala, dada? Ulikuwa unanipima?"

"Nilikuwa namlilia na mimi," Jerotich alisema. "Sikuwa na mtu wa kumlilia naye."

"Mama," Zayed alinong'ona, "mama, usi..."

"Wewe endesha! Sadaka! Nimepanda mlima mzima, nimemfungia mwanangu butini, kumbe nampelekea mke mwenzangu gari!"

"Halo?" ilisema simu. "Khamisa? Nani ameridhia? Nani hajaridhia?"

Msichana akapiga ukelele uliokatiza yote. Jerotich akalifunua shuka, akatazama, na mara ile mikono iliyokuwa ikitetemeka tangu Mau Narok ikatulia kabisa.

"Simamisha gari," alisema. "Hatufiki."

"Hospitali bado—"

"Simamisha!"

Krauni ikaingia ukingoni mwa barabara, ikasimama ngano pande zote mbili. Jerotich hakumtazama tena Bi Khamisa usoni. Alinyoosha mkono tu, kiganja juu, kama alivyounyoosha asubuhi kupokea ufunguo.

"Nitakujibu yote. Ukitaka kunipiga, utanipiga. Lakini matako ya mtoto yameshatoka na sina cha kumpokelea. Nipe leso yako. Mjukuu wa Hemed anakuja."

Bi Khamisa alikuwa amejifunga leso kiunoni juu ya buibui. Vidole vyake vilishuka hadi kwenye fundo, vikalishika. Na Zayed, aliyekuwa akimtazama mama yake bila kupumua, hakuweza kujua vidole vile vinalifungua lile fundo au vinalikaza.